Ukimya wa Oslo, ukimya wa Malmö

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikiwa mwanafunzi Bergen, nilipanda treni kwenda kuona Oslo. Nilichokikuta ni kelele. Ukitoka stesheni kuu kuelekea baharini, ulikabiliwa na barabara kuu zilizopandana, malori yakipita kati ya mji na maji, na makontena yamepangwa ng'ambo. Harufu ya bahari uliipata. Kuifikia bahari yenyewe ilikuwa kazi. Nikageuza, nikapanda tramu.

Kila niliporudi baadaye, nilikuta kuna kilichoondolewa. Mwaka 2008 lilifunguliwa jumba la opera, lenye paa jeupe la marumaru linaloteremka hadi majini. Watu hulipanda bila kiingilio, wengine wameshika aiskrimu. Mwaka 2010 magari yalizamishwa: vipande vikubwa vya handaki la Bjørvika vilikokotwa baharini vikielea, kisha vikalazwa chini ya maji, na malori yakaanza kupita humo. Maktaba kuu ikafuata mwaka 2020, na jumba jipya la makumbusho la mchoraji Munch mwaka 2021. Hata magari yaliyobaki juu yalipoa. Kufikia mwaka 2023, zaidi ya asilimia 80 ya magari mapya ya abiria yaliyouzwa Norwei yalikuwa ya umeme. Mara ya mwisho nilisimama pale pale pa makontena, nikamsikia mtoto akimwambia baba yake jambo kutoka upande wa pili wa gati.

Kwa hiyo nikisikia watu wa Skandinavia ni wakimya kwa maumbile, huwa nacheka. Ndani ya basi, sawa, hata kukohoa unaomba radhi kwa macho. Lakini ukimya wa mitaa yao umejengwa, tena kwa fedha za walipa kodi na kwa ugomvi. Copenhagen walipoufunga mtaa wa Strøget kwa magari mwaka 1962, wenye maduka walilalamika kwamba biashara itakufa. Leo ukitaka kupita hapo siku ya Jumamosi, jiandae kusukumana.

Msafiri wa peke yake hufaidi sana ukimya wa watu wa huko. Kwetu ukikaa mezani peke yako, mhudumu atauliza kama unamsubiri mwenzio. Huko nimekula supu ya samaki miji mitatu bila kuulizwa chochote zaidi ya kama nataka mkate.

Malmö ndiyo iliyonivurugia hesabu. Kutoka Copenhagen unavuka daraja la Øresund, lililofunguliwa mwaka 2000, na kabla hujakaa vizuri umeshafika Uswidi. Nilitembea Bandari ya Magharibi, mpaka chini ya Turning Torso, ghorofa lililosokotwa lenye urefu wa mita 190. Nyumba safi, upepo, watu wachache. Palikuwa kimya, ila ukimya huo sikuuonea wivu. Hapo zamani ilikuwa karakana ya meli ya Kockums, na uundaji wa meli za biashara ulikoma miaka ya 1980. Winchi yake kubwa, iliyoonekana kutoka kila pembe ya mji, ilifunguliwa vipande mwaka 2002 ikapelekwa Korea Kusini. Bei yake, dola moja.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia mji ambao mkonge ulipoanguka, bandari ililala na reli ikaota majani, halafu wageni wakaanza kuusifu kwamba umetulia. Utulivu wa namna hiyo naujua unakotoka: unatoka kwenye mishahara iliyokatika. Oslo waliondoa kelele wakabaki na kazi. Malmö kazi iliondoka kwanza, ndipo wakaanza kutafuta cha kujaza pengo. Chuo kikafunguliwa mwaka 1998, nyumba mpya zikafuata.

Kelele za Malmö nilizikuta kwingine, katika soko la Möllevången. Wauzaji wanaita kwa Kiarabu na Kiswidi, nyanya zinamwagwa kwenye mizani, hakuna anayenong'ona. Nilikuwa kwenye simu na dada yangu. Mzee mmoja Msomali, aliyewahi kuishi Mombasa, alinisubiri nimalize.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mzee. Natoka Tanga."

"Marahaba. Tanga siku hizi kuna nini?"

Nikamweleza kuwa bandari imechimbwa kina, na bomba la mafuta ghafi la Uganda linaishia Chongoleani. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza bei ya nazi.