Mpe mtoto cha kushika kabla hajajitafutia mwenyewe

Mmezoea kunisoma nikiandika juu ya nafasi za kupandia, viwavijeshi na ukaushaji wa ufuta. Leo naandika juu ya watoto wadogo na michezo ya kutumia vitu vya nyumbani. Mtu atauliza: bwana shamba na michezo ya watoto, wapi na wapi?

Kazi yangu ni kutembelea mashamba. Katika kata ninayohudumia hapa Kilosa, nikifika wakati wa kupanda au wa palizi, karibu kila mara nakuta mtoto amekalishwa kwenye khanga chini ya mti. Mama yuko mistari kumi mbele na jembe. Wakati mwingine kuna dada yake wa miaka saba wa kumwangalia, wakati mwingine hakuna. Mtoto anakaa robo saa, halafu anaanza kutambaa kutafuta cha kushika. Na shambani kuna vitu vingi vya kuvutia macho yake: kopo tupu la kiuatilifu lenye kifuniko chekundu, pakiti ya mbegu inayong'aa, bomba la kupulizia linalodondosha matone.

Msimu uliopita wa kupanda nilimkuta mtoto wa miaka kama miwili amekunja ngumi, ametulia kabisa. Mama yake akaniambia kwa furaha, "Huyu hanisumbui bwana shamba, akipata mahindi ya kuchezea ananyamaza." Nikamfungua vidole taratibu. Punje nne za mahindi, rangi ya waridi. Ilikuwa mbegu iliyotiwa dawa.

Mbegu hiyo hupakwa rangi makusudi, ili mtu aitofautishe na mahindi ya kula. Kwa mtu mzima rangi ile ni onyo. Kwa mtoto ni punje nzuri kuliko zote. Tulimkagua mdomo, tukamnawisha mikono na uso kwa sabuni, na mama akampeleka zahanati siku ileile kwa usalama. Alikuwa mzima.

Yule mama si mzembe. Alielewa jambo ambalo wazazi wengi hatulielewi, kwamba mtoto akipata kitu cha kugusa hutulia. Kilichokosekana ni kitu salama. Ndiyo maana naandika. Huwezi kumzuia mtoto mdogo kugusa, kunusa, kutikisa na kuonja. Unachoweza ni kumchagulia anachogusa.

Kugusa ndiko kusoma kwake

Miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo wa mtoto hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Chakula cha ubongo huo ni lishe bora, na pia mambo anayopokea kwa macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mtoto anayemimina maji kutoka kikombe kwenda kikombe anajifunza kujaa na kupungua. Anayechambua kunde na mbaazi anazoeza vidole vitakavyoshika penseli.

Serikali nayo imeliona hilo. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Ujifunzaji wa awali umo ndani yake pamoja na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Hakuna mahali inaposema ununue midoli ya dukani.

Mtoto wa miezi 6 hadi mwaka 1

Mpe sufuria ndogo na mwiko wa mti agonge. Mpe ungo mdogo usiotokeza vijiti, apapase. Funika uso wako kwa khanga, kisha ujifunue. Atacheka, na atajifunza kwamba kilichofichwa bado kipo. Mnusishe limao, tangawizi na mchaichai, huku ukivitaja kwa jina. Kutaja jina ni nusu ya mchezo.

Mwaka 1 hadi 3

Magunzi ya mahindi ni mali. Atayapanga, atayaangusha, atayafunga kitambaa na kuyabeba mgongoni kama mtoto. Chukua chupa tatu za plastiki zilizokuwa za maji ya kunywa. Moja tia mchanga, ya pili mahindi ya kula, ya tatu kokoto. Funga vizibo kwa gundi au uviyeyushe kidogo kwa moto ili visifunguke. Akitikisa atasikia sauti tatu tofauti, na akinyanyua ataona uzito tofauti. Kagua vizibo kila mara kabla ya kumpa.

Maji kidogo kwenye beseni, pamoja na kikombe na kifuu cha nazi kilichosuguliwa kingo, yanamshughulisha kwa muda mrefu. Ila maji yanataka mtu mzima akae hapohapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo. Mkimaliza, mwaga.

Miaka 3 hadi 6

Hapa ndipo punje zinaruhusiwa, ukiwepo. Changanya maharage, mahindi na kunde kwenye sinia, mpe treya tupu la mayai apange kila aina mahali pake. Asizile mbichi, hasa maharage, kwani maharage mabichi humtapisha mtu.

Mfinyanzi nao ni mchezo mzuri. Udongo wa kichuguu uliolowekwa unafinyangika vizuri: ng'ombe, chungu, nyumba. Uchukue mbali na choo na mbali na shamba lililopuliziwa dawa, na mikono inawe kwa sabuni baadaye, kwa sababu minyoo hupitia kwenye udongo.

Nyumbani kwangu tunacheza zaidi mchezo wa mfuko. Natia vitu vitano ndani ya soksi safi: kiazi, kijiko, gunzi, limao, kokoto. Binti yangu wa miaka minne anaingiza mkono bila kuchungulia na kutaja alichoshika. Umeme ukikatika jioni, yeye ndiye anayeikimbilia soksi. Siku hizi namwekea kunde na mbaazi, na anazitofautisha kwa vidole. "Hii ya duara ni mbaazi, hii yenye tumbo ni kunde." Nimewahi kuwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo waliohitaji kuangalia mara mbili.

Wewe mwenye genge

Mtoto anayekaa nawe sokoni kutwa ana bahati, kama utamtumia. Mpe nyanya zilizopondeka, zile ambazo huuzi, apange kubwa na ndogo. Muulize fungu lipi lina nyingi. Mshikishe kitunguu na embe, akuambie kipi kizito. Fundi cherehani, vipande vya vitambaa vinavyobaki ni shule: laini, kinachokwaruza, chekundu, cha maua. Pini, sindano na vifungo viwe mbali.

Visivyochezewa kabisa

Hapa naomba usome polepole.

- Makopo ya viuatilifu, dawa ya kuogeshea mifugo na sumu ya panya. Hata likisuuzwa, kopo hilo halifai kuwa chombo cha mtoto. Suuza mara tatu, maji yake yarudishe kwenye bomba la kupulizia, litoboe, lihifadhi mahali pa kufungwa.
- Mbegu yoyote yenye rangi ya dawa, na pakiti yake.
- Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto anaijua chupa ile kuwa ni ya kinywaji.
- Punje za nyonyo na mbono. Tunazipanda kwenye ua, zinapendeza, na ni sumu.
- Mahindi au karanga zenye ukungu. Sumukuvu haifai kuliwa, na vumbi la ukungu halifai kuvutwa.
- Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitu chochote chenye ukubwa wa kizibo cha chupa ya maji au chini yake: harage, karanga, shilingi, betri ya saa. Ataking'ang'ania kooni au kukitia puani.

Ikitokea mtoto amekunywa au amekula sumu, usimtapishe na usimpe maziwa kwa kubahatisha. Mkimbize kituo cha afya ukiwa na kopo au pakiti ili mganga asome lebo.

Kwa akina baba wenzangu

Nikieleza haya kwenye mikutano, wanaume hutazama pembeni wakidhani nawaambia wake zao. Lakini sisi ndio tunaonunua dawa, ndio tunaobeba bomba, na mara nyingi ndio tunaoacha kopo chini ya mti. Basi tuanze na hilo. Kabla ya kwenda shambani na mtoto, andaeni kikapu chake: magunzi mawili, chupa ya kutikisa, kitambaa, kikombe, mwiko. Kikapu hakigharimu shilingi. Ukifika, kagua kwanza mahali atakapokaa, kama unavyokagua shamba kabla ya kupanda, ndipo utandike khanga. Na jioni ukirudi, kaa naye dakika kumi, mtikise hizo chupa wote wawili.

Msimu wa kupanda unakaribia, na nitapita mashambani kama kawaida. Nikifika kwako nitaangalia nafasi za mistari, nitaangalia mbolea, na safari hii nitaomba nione na kikapu. Kama una mchezo ambao sikuutaja, nisimamishe pikipiki unionyeshe.