Vinyeti, au kipande kisichotaka kuulizwa "halafu?"

Neno lenyewe ni la Kifaransa, vignette, yaani mzabibu mdogo. Lilianzia kwa wachapaji wa vitabu. Mwanzoni au mwishoni mwa sura waliweka pambo dogo, mara nyingi majani na vikonyo vya mzabibu, na pambo hilo halikuwa na fremu; mistari yake iliishia tu kwenye weupe wa karatasi. Karne ya 19 wapiga picha wakalichukua: uso wa mtu uko wazi katikati, halafu kingo zinafifia taratibu mpaka huoni picha imekomea wapi. Waandishi nao wakalikopa, wakakiita hivyo kipande kifupi cha nathari kinachochora mtu, mahali au dakika moja, kisha kikanyamaza. (Ukiingia Uswisi au Austria na gari utaambiwa ununue vignette, lakini hapo wanataka ulipie barabara kuu. Usije ukamsomea askari kipande chako.)

Kiswahili tukilitamka linakuwa vinyeti, na hapo ndipo balaa inapoanza. Lugha yetu ikisikia "vi-" inadhani ni wingi. Virusi ilikuja ikiwa neno moja la kigeni, leo tunasema kirusi kimoja bila kusita. "Keep left" ya Waingereza imezaa kipilefti na vipilefti. Kwa hesabu hiyo, vinyeti ikiachwa peke yake itazaa kinyeti, na kinyeti kimekaa jirani mno na kinyesi. Nani atamwambia mhariri wake, "Mkuu, nimekuletea kinyeti"?

Basi tutafute neno letu. Tunalo? Onyesho ni la tamthiliya. Mandhari ni mahali tu, mtu hayumo. Taswira wahakiki wameshaikalia. Kwao ni picha inayojengwa na tamathali ndani ya shairi au riwaya, si kipande kinachojitegemea. Kisa kinadai kitu kitokee. Kijipicha kinavutia, ila hiyo "kiji-" ina dharau ndani yake: kijitu, kijumba, kijibarua. Kitu kikiitwa kijipicha kimeshahukumiwa kabla hakijasomwa.

Na majina huhukumu. Kumbuka guni. Kwa mapokeo ya ushairi wetu, shairi lenye kasoro ya vina na mizani liliitwa guni, yaani lenye kilema. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, akiwa ameacha vina na mizani kwa makusudi, ugomvi ulikuwa mkubwa: haya ni mashairi au siyo? Sehemu ya ugomvi ule ilikuwa ya jina. Ukiliita shairi guni unatafuta kinachopungua. Ukiliita shairi huru unatafuta limefanya nini na uhuru wake. Maneno ni yaleyale kwenye karatasi, lakini msomaji amebadilika.

Kipande kifupi cha nathari bado kiko kwenye hali ya guni. Soma hiki:

Kivuko cha alfajiri kinatoka Kigamboni. Mama mmoja amekaa, ndoo tupu katikati ya miguu, anaelekea Feri kununua samaki wa kuuza. Amefungua ncha ya khanga, anahesabu noti. Kijana anapita na bodaboda yake, anamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Anatulia kidogo, anaangalia noti mkononi, anaanza kuhesabu upya.

Ukikipeleka chumba cha habari utaulizwa, "Sasa habari iko wapi?" Ukikipeleka kwa mtu aliyesoma fasihi kidato cha tatu ataanza kutafuta dhamira, migogoro na ujumbe, maana ndivyo tulivyofundishwa kumenya kazi ya fasihi. Na mpenzi wa hadithi atasema, "Ehe, halafu?" Wote watatu wana haki, ila wanakipima kwa mizani ya duka jingine. "Halafu" ni swali la hadithi. Vinyeti inauliza jambo moja tu: umemwona?

Wenzetu walishaipa nafasi. Mwaka 1924 Ernest Hemingway alichapisha Paris kitabu chembamba cha vipande 18 vya namna hiyo, vya vita na vya michezo ya mafahali. Mwaka uliofuata, kwenye toleo la New York, vingi akavipachika katikati ya hadithi fupi. Sandra Cisneros alijenga The House on Mango Street, iliyotoka 1984, kwa vipande 44 vya maisha ya binti aitwaye Esperanza mjini Chicago. Vingine havifiki hata ukurasa. Kimoja kinaeleza nywele za watu wa familia yake, basi. Ukivisoma vyote unakuwa umeishi mtaa ule, ingawa huwezi kuonyesha ni kipande gani kilikuingiza.

Sitetei uvivu. Si kila kitu kifupi ni vinyeti, kama vile si kila shairi lisilo na vina ni huru. Kipimo changu ni chepesi: ondoa jambo moja uone. Kwenye kile kipande cha kivuko, ondoa "marahaba mwanangu" na picha yote inaanguka, kwa sababu adabu ndiyo iliyomharibia hesabu. Kama unaweza kuondoa sentensi yoyote na hakuna kilichotikisika, ulichoandika ni maelezo tu.

Kwa mwandishi wa habari kama mimi jambo hili si la kamusi peke yake. Kwa utaratibu wa kawaida, yule mama ataingia gazetini siku kivuko kikipata hitilafu, au akiibiwa, au akifa. Lazima kwanza apatwe na kitu. Siku zake nyingine zote, ambazo ndizo maisha yake, hazina ukurasa. Vinyeti ni mlango pekee ninaoujua unaomruhusu kuingia akiwa mzima, na hesabu yake mkononi.

Kwa hiyo, mpaka lipatikane jina bora, mimi nalitumia hilihili, nikaliweka ngeli moja na vitamini: vinyeti hii, vinyeti hizi. Hakuna aliyewahi kumeza kitamini, na sioni kwa nini tuandike kinyeti. Mwenye neno zuri zaidi alilete, mradi tu lisiwe na dharau ndani yake.