Uvumi Nilioubeba Mimi Mwenyewe

Ndugu msomaji, leo nina ungamo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuichunguza habari kabla ya kuiandika, mwaka jana nusura nimwangamize shangazi yangu kwa kidole kimoja.

Ukoo wetu, kama koo nyingi siku hizi, una kundi lake la WhatsApp. Asubuhi moja, nikiwa ndani ya daladala, nililetewa ujumbe uliodai kwamba kitunguu saumu na ndimu vikichemshwa pamoja huondoa presha kabisa, hata mgonjwa asihitaji tena vidonge. Sikuusoma hadi mwisho. Niliupeleka kwa jamaa, nikatia simu mfukoni, nikashuka kituoni.

Baada ya majuma matatu shangazi alianguka uani kwake. Daktari alipomwuliza kuhusu vidonge vyake, alijibu bila kusita kwamba ameviacha. Namshukuru Mungu, alinusurika. Lakini mkono wake wa kushoto ni mzito hadi leo.

Nilipotoka wodini niliazimia kupeleleza jinsi neno lile lilivyosafiri. Niliwauliza jamaa mmoja mmoja. Hakuna aliyejua ujumbe ule ulitungwa na nani, wala hakuna aliyejali. Wale walioamini walinipa jibu moja: "Si wewe uliyeuleta? Wewe ni mtu wa magazeti." Shangazi hana hata simu ya aina hiyo. Alisomewa na mkwewe walipokuwa wakichambua mchele, naye akauliza tu, "Nani kasema?" Akatajiwa jina langu. Basi, yakaisha.

Hapo nilikumbuka somo nililolisikiliza chuoni nusu nikisinzia. Mwaka 1940 mtaalamu Paul Lazarsfeld na wenzake waliwachunguza wapiga kura wa wilaya moja ya jimbo la Ohio, Marekani. Walitazamia kuona nguvu za redio na magazeti; badala yake waliona kwamba mara nyingi habari huwafikia kwanza watu wachache wanaoaminiwa, na hao ndio huwafikishia wenzao.

Hata kwetu jambo hili limepimwa. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa "Twende na Wakati", uliohusu uzazi wa majira na UKIMWI, na ambao ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti waweze kulinganisha sehemu iliyousikia na isiyousikia. Uzazi wa majira uliongezeka zaidi pale uliposikika. Lakini redio haikuifanya kazi hiyo peke yake: mke alizungumza na mumewe, na jirani na jirani, juu ya yale waliyoyasikia.

Kwa hiyo, msomaji, wanaodhani kwamba simu ina dunia yake na kijiji kina yake wanajidanganya. Neno hushuka kutoka simuni, likaingia jikoni, likaketi kwenye ungo wa mchele. Tangu mwaka 2020 wenye WhatsApp wameweka kikomo: ujumbe uliokwisha kupitishwa mara nyingi hupelekwa kwa kundi moja tu kwa safari moja. Ni hatua njema. Lakini kwa shangazi yangu kundi moja lilitosha.

Nilijaribu kuyazoa maji niliyoyamwaga. Niliandika masahihisho marefu kundini. Nikajibiwa kwa vidole gumba vitatu, kisha picha za harusi zikafuata. Nilikwenda kwa shangazi, nikamwamkia, nikaomba radhi, nikamweleza. Alinisikiliza kwa upole, akasema, "Mwanangu, juzi ulisema hivi, leo wasema vile. Nishike lipi?" Sikuwa na jibu.

Aliyemrudisha kwenye vidonge ni rafiki yake wa upatu, mama asiye na diploma yoyote, ambaye ametumia dawa za presha kwa miaka mingi na bado analima. Alikuja na vidonge vyake mwenyewe ndani ya kitambaa, akaomba maji, wakameza pamoja. Kila jioni sasa huitana ng'ambo ya ua: "Umekwisha meza?"

Nami, kabla ya kupeleka neno lolote, husita kidogo na kujiuliza: ni nani atakayelimeza hili kwa kuwa limetoka kwangu? Mara nyingi kidole hurudi nyuma chenyewe.