Vishimo Vilivyopinda

Mkulima wa kahawa katika milima ya Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, akiona damu chooni hana haja ya kuuliza jina la maradhi. Ni tumbo la kuhara damu. Katika miaka ya 1990 lilipita makambini mwa wakimbizi wa Maziwa Makuu, nani asilijue? Hunywa dawa ya amiba, akapoa, likarudi. Miezi yaenda.

Akibahatika kupimwa kwa mpira wenye kamera, hunyofolewa kinyama kidogo mfano wa punje ya ulezi, kikatiwa katika fomalini. Kinyama hicho huenda kikasafiri mbali kuliko mwenyewe, kwa kuwa wasomaji wa hadubini ni wachache, na wengi wako katika hospitali kubwa kama Bugando na Muhimbili. Huko hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, vikatiwa rangi mbili: ya zambarau, itokayo katika mti wa Amerika ya Kati, na ya waridi, eosini, iliyopewa jina la alfajiri kwa Kiyunani. Mshairi asingechagua jina zuri zaidi.

Utumbo mpana wenye afya una vishimo vilivyosimama wima, sambamba, kama waumini safuni. Amiba huchimba ukuta, nao huonekana wamemeza chembe nyekundu za damu. Lakini vishimo vya jirani mara nyingi husalia wima. Katika kolaitisi ya vidonda, ambayo hailetwi na kijidudu kijulikanacho, vishimo hupinda, hutoa panda, hufupika, na chembe za ute hupungua. Mpindo huo hauji kwa siku tatu, huchukua majuma. Nyama imeiweka tarehe ambayo pengine mgonjwa ameisahau.

Na tofauti hiyo ni ya uhai. Steroidi zinazomtuliza mwenye kolaitisi zaweza kumwua mwenye amiba. Kati ya ugonjwa wa Crohn na kifua kikuu cha utumbo mambo ni magumu zaidi: yote mawili huacha vifundo, na cha kifua kikuu huoza katikati kama jibini, ila si kila mara. Msomaji mwaminifu huandika kwamba hakupata hakika.

Denis Burkitt, tabibu mpasuaji aliyefanya kazi Uganda, aliuhusisha uchache wa maradhi kama haya kwa Waafrika na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Lakini mwaka 1966 Billinghurst na Welchman walieleza habari za Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Wanne tu, au wanne waliotazamwa? Kinyama kisichofika penye hadubini hakihesabiwi.