Dogo wa gesti na mandolini ya Mzungu: mwenyewe anarudi!

Kuna dogo mmoja wa Ng'ambo, jina kapuni, anapiga zamu ya usiku mapokezi kwenye gesti moja huko Shangani. Miaka miwili nyuma mgeni wa Kimarekani aliondoka ghafla, akamwachia kasha jeusi na neno moja tu: "Nitunzie, nitarudi." Kufungua, mandolini.

Kwa wasioijua, ni kama gitaa lililonyimwa chakula. Nyuzi 8, zimepangwa mbili mbili. Wamarekani wanaipigia bluegrass, ule muziki wa mbio wa Bill Monroe, jamaa wa Kentucky aliyezaliwa 1911. Taarab ya Pwani nayo imeshaitumia, ila mtaani kwa dogo hakuna aliyekuwa na habari.

Mwezi wa kwanza alifuta vumbi tu. Wa pili akaanza kucharaza. Wa tatu ndo ikawa ugonjwa, anakesha YouTube, bando likikata anarudia alichokumbuka, kitambaa kakibana chini ya nyuzi wageni wasiamke.

Siku moja anakatiza Vuga na kasha lake, mzee mmoja mpiga fidla akamwita barazani. "Lete hapa, mwanangu." Akagusa nyuzi moja moja, akacheka: "Hii fidla hii, wamekunyima upinde tu." Na kweli, sauti za nyuzi ni zile zile, sol, re, la, mi.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya alasiri yuko kwa maalim. Mzee hataki hata kusikia habari za bluegrass. Anampa taarab ya zamani, na dogo akagundua kitu: mandolini sauti yake inakufa upesi, kwa hiyo ukitaka kuivuta lazima utetemeshe mkono mbio mbio. Mkono huo alishaupata kwa Wamarekani! Kilichomshinda ni rasti na bayati. Zina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili. Fidla inazipata kwa kusogeza kidole kidogo, mandolini ina vyuma shingoni, haiendi. "Basi achana nazo, piga hijazi," mzee akamwambia.

Waya ulipokatika alizunguka Darajani nzima, hola. Akanunua waya wa kwanza wa gitaa, akapasua kile kipete cha mwisho kwa koleo, kikabaki kitanzi. Ukakaa.

Sasa wiki iliyopita, WhatsApp inalia: "Nakuja Februari, Sauti za Busara. Mandolini yangu ipo?"

Dogo kasoma, kanyamaza siku tatu. Tiki za bluu zinamsuta. Mama yake hakuzunguka: "Amana hailiwi, mwanangu. Na wewe umeila." Kamwendea maalim, mzee wala hakutoa neno juu ya hilo, kamuuliza tu Jumapili anakuja au haji.

Siku ya nne akaandika: "Ipo. Nimekuwa nikiipiga." Akatazama, akafuta sentensi ya pili, akatuma "Ipo" peke yake. Mzungu akarudisha dole gumba.

Ule waya wa gitaa bado umo, unang'aa kuliko wenzake, mwenye macho ataujua tu. Dogo anasema ataubadilisha. Jumapili alionekana Vuga na kasha lake kama kawa. Picha hakuna, kagoma katakata. Wadau, ungekuwa wewe ungemwambia jamaa, au ungekausha?