Tulipanga zabibu za Dodoma, tukaishia kwa mjomba Uluguru

Leo sina stori za disko wala za nani kamwacha nani. Leo nakupeleka safari, na kama una mchumba mwite akae karibu msome wote, maana mambo yenyewe yanawahusu nyote wawili.

Yalianzia kwenye video. Mimi na shemeji yenu tulikuwa tumekaa Sinza tunaangalia picha moja ya Kizungu. Jamaa na demu wake wanatembea kwenye mashamba ya mizabibu, wanaonja mvinyo hapa, wanaonja pale, jua linazama, raha mustarehe. Shemeji yenu akaguna: "Wenzetu wanaishi." Nami kwa kiherehere changu nikadakia, "Kwani sisi hatuna? Dodoma kuna nini?"

Na kweli, Dodoma ipo. Watu wanaijua kwa Bunge na vumbi, lakini zunguka vijiji kama Hombolo, Bihawana na Mpunguzi ukaone mizabibu. Wamisionari wa Kikatoliki ndio walioianza, wakitafuta mvinyo wa misa, na nchi ile kavu ikaikubali kiasi kwamba zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Ufaransa, pamoja na maringo yao yote, wanavuna mara moja tu. Mavuno mojawapo huangukia mwezi wa nane na wa tisa, na sisi tulikuwa tunaingia mwezi wa nane. Nikaona mambo si ndiyo hayo!

Nikachukua daftari. Tulikuwa na laki tatu, tumezichanga miezi mitano, yeye akiuza vitenge na mimi nikiandika haya unayoyasoma. Treni ya mwendokasi ilipofika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilipangwa 31,000. Nikaishika hiyo. Watu wawili, kwenda na kurudi, 124,000. Inabaki 176,000 ya gesti siku mbili, msosi, gari la kutupeleka mashambani, na chupa ya kurudi nayo mtaani tuwaringie washkaji. Hesabu imekaa sawa. Nikampa daftari alipitishe.

Shemeji yenu akasoma, akakunja. "Sawa mpenzi. Ila tushuke Moro, tulale siku moja kwa mjomba, kesho yake tuendelee."

Nikasema poa. Wala sikuuliza kwa nini mjomba na si baba, wakati baba yake yupo hai, namwamkia kila Jumapili. Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Mimi ni Mchaga wa Machame, kwetu mambo ya maana yako kwa baba na kihamba kinakwenda kwa mtoto wa kiume. Nilidhani tunakwenda kusalimia tu, tunywe chai, tupige picha, tuondoke.

Treni nitaipitia haraka, maana yenyewe ina haraka. Hazijatimia saa mbili mko Morogoro. Angalizo moja tu: stesheni iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo weka pembeni hela ya daladala au bodaboda. Sisi tulipanda teksi, tukanyolewa.

Mji wenyewe waliupa jina zuri: mji kasoro bahari. Ni kweli, kila kitu kipo. Huu ndio mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mmoja alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, mwingine kwa ajali vilevile mwaka 1979, na mpaka leo ukikaa baa yenye watu wazima utawasikia wote wawili kabla chupa haijaisha. Na popote unaposimama, ukiinua macho, Uluguru huo hapo umefunga upande mmoja wa mbingu kama ukuta.

Soko Kuu la Chifu Kingalu tulinunua sukari, mchele na sabuni. Halafu kwenye duka moja nikaona chupa ya mvinyo wa Dodoma imepangwa na soda. Nikacheka. Shemeji yenu akasema, "Mnunulie mjomba, yeye ni Mkatoliki." Nikanunua. Shika hiyo chupa akilini.

Kupanda sasa. Kutoka mjini mpaka Morningside, penye nyumba ya wakati wa Wajerumani, hesabu kama saa mbili za miguu, na usiige wenyeji wanaopita wanakimbia na mzigo kichwani. Vaa raba, acha visigino nyumbani. Chukua sweta hata kama chini unatoka jasho. Masika usijaribu, njia inageuka sabuni. Na ukitaka kuingia msituni kwenyewe, lipia kiingilio na uchukue mwongozaji, maana tangu 2008 ule ni msitu wa hifadhi ya asili, si mahali pa kujiingilia tu. Kuna ndege na mimea humo ambayo duniani haipo kwingine.

Njiani tulipishana na akina mama wanateremka na ndizi na mboga kwenda sokoni. Kila mmoja shikamoo, kila mmoja anamwuliza shemeji yenu yeye ni wa nani, na kila mara anajibu kwa jina la mama yake, kisha la bibi yake. La baba hakulitaja hata mara moja. Mimi nyuma nahema tu. Kwenye kijito tukanywa maji ya baridi, akaniambia, "Haya ndiyo unayoogea Sinza." Nilidhani ananizuga. Kumbe Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unaanzia kwenye milima hii hii.

Mjomba ni mzee mfupi, mkavu, ana koti la suti na miguu peku. Shikamoo, marahaba, tukakaribishwa ugali na maharage. Nikamkabidhi chupa. Akaishika kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya kabati. Halafu akasema, "Twende shamba, baba."

Shamba lenyewe limesimama wima utadhani limetundikwa ukutani. Migomba, mahindi, kitalu cha mboga. Akanionyesha mpaka kwa fimbo. "Hapa palikuwa pa bibi yake. Akapewa dada yangu. Kesho ni pa huyu." Huyu ni shemeji yenu, aliyenyamaza anang'oa magugu kana kwamba hasikii. Waluguru, msomaji wangu, ukoo unakwenda kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi iko kwenye ukoo huo, na kauli nzito ni ya mjomba. Na ardhi hii hawana utani nayo. Mwaka 1955, Mwingereza alipowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, walikataa mpaka ikawa kasheshe kule Matombo, mtu akapigwa risasi akafa.

Mjomba hakupandisha sauti. "Wewe karibu. Utalima, utapanda, utakula. Lakini nataka nikuulize mbele yake. Watoto mtakaozaa, watakuja hapa kama kwao au kama wageni?"

Nikababaika. Nilitaka kusema watoto ni wa wote wawili, lile jibu la mjini. Lakini nilimwona mzee wangu Tegeta akisikia wajukuu zake ni wa ukoo wa mama, nikahisi koo linakauka. Nikasema, "Mjomba, nipe muda." Shemeji yenu akaacha kung'oa magugu, akaniangalia. Sikuweza kusoma macho yale.

Usiku wa mapumziko ya wapenzi nililala na vijana watatu kitanda kimoja. Yeye alilala kwa mashangazi. Asubuhi ukungu umefunika kila kitu, huoni hata jiko. Tukakaa kwenye kigogo na chai ya rangi. Akaniambia angekuwa amenieleza mapema, nisingekuja. Nikabisha. Baadaye nikakiri, nisingekuja.

Dodoma ikafia hapo. Mjomba alitaka tusalimie nyumba saba, na nyumba saba za mlimani si nyumba saba za Sinza, kila moja ina kilima chake. Tulipoteremka ilikuwa Jumapili mchana. Kwa hiyo kama unapanga ya kwako, chukua ushauri wa aliyeungua: ukitaka mlima na zabibu zote, usiweke siku tatu, weka tano. Na kabla ya kupiga hesabu ya nauli, mwulize mwenzio huko mnakoshuka kuna nani anayewasubiri.

Wakati wa kuaga nilimwambia mzee aifungue ile chupa tuonje. Akatikisa kichwa. Alisema ataifungua siku nitakayopanda tena na wazee wangu na jibu mkononi. Mpaka naandika haya chupa ipo juu ya kabati, kule juu. Zilibaki 87,000, shemeji yenu kaziweka, anasema ni za nauli ya watu wanne kwenda Moro. Keshokutwa nakwenda Tegeta kumwona mzee. Nimenunua nyama kilo mbili na bado sijajua nitaanzaje.