Barua Kutoka Ughaibuni: Sulhu Nayo Hufundishwa

Oakland, California

Ndugu wasomaji,

Napenda kukuelezeni jambo la malezi ambalo mji huu umelishughulikia kwa miaka mingi, nami kama mzazi nimelifuatilia kwa makini, kwani naona lina faida kubwa kwa walimu wa huko nyumbani Afrika Mashariki, ambao aghalabu hulaumiwa kwa ukali wao bila ya mtu kuwauliza wamefunzwa nini kingine.

Ijulikane kwanza kwamba Marekani haikuanza na upole. Mwaka 1994 serikali kuu ilipitisha sheria ya kufukuzwa kwa muda usiopungua mwaka mmoja mwanafunzi aliyeleta bunduki skuli, na ukali huo, uliokusudiwa silaha, ukaenea hata kwenye makosa madogo, mpaka ikawa mtoto huweza kurudishwa nyumbani siku kadhaa kwa sababu ya kubishana na mwalimu. Wala adhabu hiyo haikutolewa kwa insafu, kwani hesabu za Idara ya Elimu za mwaka wa masomo 2011-12 zilionyesha kwamba wanafunzi weusi walisimamishwa masomo kwa kiwango cha mara tatu ya wenzao weupe. Na mtoto aliyekaa nje hukosa masomo pasi na kutengeneza alichokiharibu, na siku ya kurejea hukutana na aliyemkosea, hasama yao ikiwa vile vile.

Ndipo mwanasheria Fania Davis, mwaka 2005, alipoasisi hapa Oakland jumuiya ya kueneza haki rejeshi miongoni mwa vijana, kazi ya skuli ikaanzia skuli ya Cole, upande wa magharibi wa mji, na mwaka 2010 bodi ya elimu ikapitisha azimio la kuieneza njia hiyo katika skuli zake. Muradi wa haki rejeshi ni kwamba kosa lisitazamwe kuwa ni uvunjaji wa kanuni tu, bali kuwa ni dhara alilofanyiwa mtu. Kwa hivyo mkosaji na aliyekosewa, wakiridhia, hukaa duara moja, na kila mmoja huulizwa nini kilichotokea, alikuwa akifikiri nini wakati ule, nani aliyeumia, na nini kifanyike ili mambo yatengenee. Kitu kimoja hupitishwa mkono kwa mkono, na asiyekishika husikiliza. Dasturi hii ya duara imepokewa kwa sehemu kubwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, na wala si ngeni kwetu sisi tuliowaona wazee wetu wakikata kadhia za majirani barazani, kwa subira na bila ya haraka.

Walakini duara halimfundishi mtu kwa umbo lake. Mwalimu aliyezoea kuamrisha, akikalishwa humo bila ya mafunzo, hugeuka kadhi, na duara likawa mahakama yenye viti vilivyopangwa vizuri. Kwa ajili hiyo mafunzo yaliyo mema huanza na walimu wenyewe: hukaa duara wao kwa wao, wakasema na wakasikilizana, wakajifunza kumwuliza mtoto kilichotokea kabla ya kumtaka udhuru, na kumweleza taathira ya kitendo chake pasi na kumfedhehesha. Hufunzwa pia kwamba maduara mengi si ya makosa, bali ni ya kujuana na kuaminiana, kwa maana hapawezi kurejeshwa uhusiano ambao haukuwahi kuwapo. Na panapotokea ugomvi, kila upande husemeshwa peke yake kwanza, aliyedhulumiwa halazimishwi kukutana na aliyemdhulumu, na makubaliano huandikwa kisha yakafuatiliwa. Elimu kama hiyo haitimii kwa semina ya siku mbili. Yataka mratibu wa kukaa skulini, amsaidie mwalimu anapokwama.

Ithibati ya haja hiyo ilionekana Los Angeles, ambako bodi ya elimu mwaka 2013 ilikataza kumsimamisha mwanafunzi kwa ukaidi tu, nao walimu wengi wakalalamika baadaye kwamba wamenyang'anywa adhabu bila ya kupewa mafunzo wala wasaidizi wa kutosha. Wala njia hii si dawa ya kila maradhi: utafiti wa skuli 44 za Pittsburgh, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba siku za kusimamishwa zilipungua na walimu wakaiona hali ya skuli kuwa njema zaidi, ila alama za wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 8 zilishuka. Kwangu mimi hiyo ni hoja ya kuifanya kazi hii kwa utaratibu na ustahimilivu, si hoja ya kuiacha.

Na kwetu je? Kenya ilipiga marufuku viboko skulini mwaka 2001, na bado twasikia habari za watoto kuumizwa. Tanzania Bara, kwa kanuni za mwaka 2002, imeviruhusu visizidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Mmoja amekataza na mwenzake amewekea mpaka, lakini sheria, iwe ya namna gani, haiwezi kumfunza mwalimu mwenye darasa la watoto sabini la kufanya pale wawili wanapopigana mbele yake.

Kwa hivyo nawasihi wakuu wa vyuo vya ualimu na wizara za elimu watenge saa za kufunza usuluhishi kama watengavyo saa za kufunza hesabu, na walimu wapewe wa kuwaongoza hata baada ya kuhitimu. Nanyi wazazi, mkiitwa skuli kwa kosa la mwanenu, ulizeni ni nani aliyeumia, na mwanenu atamtengenezea vipi. Mwalimu asiyefunzwa njia nyingine atairudia ile aliyolelewa nayo, na lawama haitakuwa yake peke yake.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni